Waleteni na Walio Wadogo



Leo tunasema na wazazi wenye watoto wadogo, hasa wa chini ya miaka saba. Tukitembelea nyumba za waumini huko Katwe, Nsambya na Masajja, tunasikia neno lile lile: "Pasta, huyu bado mdogo, hajui kitu, atasumbua watu tu. Akikua tutamleta." Basi mtoto anabaki chumbani na dada yake wa miaka tisa, mlango umefungwa kwa nje, mpaka ibada iishe. (Hilo la kufunga kwa nje tulikatae kabisa. Jiko la makaa limo humo ndani.)

Tusome Kumbukumbu la Torati 31:10-13. Musa anaagiza kwamba kila mwisho wa miaka saba, wakati wa Sikukuu ya Vibanda, watu wote wakusanyike kuisikia torati. Anawataja wanaume, wanawake, watoto, na mgeni aliye ndani ya malango. Tuangalie sababu anayoitoa juu ya watoto: wasikie kwa kuwa bado hawajajua. Sisi tunasema hajui, abaki. Musa anasema hajui, aje. Na sisi wakimbizi tumo mara mbili katika orodha ile, kwa maana tu wageni ndani ya malango ya Uganda, tena tuna watoto.

Mtu atauliza, mtoto wa miaka mitatu anashika nini katika mahubiri ya saa nzima? Pengine hata neno moja hashiki. Lakini anamwona mama yake akipiga magoti. Anamsikia baba, ambaye nyumbani hasemi sana tangu tulipotoka Congo, akiimba kwa sauti. Anatia sarafu katika kikapu kwa mkono wake mwenyewe. Mambo haya hayaingii kwa kuja Krismasi na Pasaka tu. Yanaingia kwa kurudiwa kila juma, jinsi alivyojifunza kusema. Luka 4:16 inatuonyesha kwamba Yesu alikuwa na desturi ya kuingia sinagogi siku ya sabato. Tukirudi sura ya 2 tunawakuta wazazi waliokwenda Yerusalemu kila mwaka kwa Pasaka.

Tena watoto wetu wa Kampala wanahama sana. Kodi ikipanda tunatoka Kabalagala tunakwenda Makindye. Shule inabadilika, marafiki wanabadilika, darasani ni Kiingereza, mtaani ni Kiluganda. Bibi na babu walibaki Bukavu au Uvira, wengine tumekwisha kuwazika. Kwa mtoto wa namna hii Jumapili ndiyo isiyohama. Watu ni wale wale, wanamwita kwa jina lake, katika Kiswahili cha kwao. Mwaka 2020, nyumba za ibada zilipofungwa mwezi wa tatu kwa sababu ya korona, watoto waliozoea waliamka Jumapili wakauliza viatu vyao viko wapi. Zilipofunguliwa, wazazi kadhaa walirudi peke yao, na mpaka leo watoto hawajarudi nao.

Tunajua ugumu ulioko. Mama anauza vitenge siku sita na Jumapili amechoka. Pesa ya boda hakuna, na watoto watatu juu ya pikipiki moja si salama hata kama ipo. Mnaokaa mtaa mmoja, mpeane zamu: mama mmoja atembee na watoto wa jirani wote. Nguo zikiwa safi zinatosha. Na mama uliye peke yako, usiseme hakuna baba wa kukusaidia. Imani ya Timotheo Paulo anaitaja kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2 Timotheo 1:5).

Nanyi wazee mnaogeuka na kukaza macho mtoto akilia, someni Marko 10:13-16 mwone Yesu aliwakasirikia nani siku ile. Kama ni kusumbua mahubiri, Eutiko alikuwa kijana mkubwa, naye alilala Paulo akihubiri mpaka akaanguka dirishani.

Kuanzia Jumapili ijayo mkeka wa watoto utatandikwa mbele, upande wa akina mama, na maji ya kunywa yatakuwepo. Watoto watakaa nasi katika nyimbo na maombi, kisha walimu wa shule ya Jumapili watawachukua nyuma kwa somo lao. Nasi wahubiri tumepatana kufupisha mahubiri.