Talanta ya Binti Isifukiwe

Mwaka wa shule ukiisha, katika nyumba zetu nyingi huanza hesabu ngumu. Fedha ni chache, watoto ni watatu au wanne, na ada haingoji. Twajua ni jina la nani lifutwalo kwanza mara nyingi: ni la binti. Huambiwa, "Mwanangu, mwache kaka yako atangulie." Juu ya jambo hilo twataka kusema leo, na mfano wetu twautoa mbali, huko Marekani.

Mwaka 1928, katika mji wa Philadelphia, alizaliwa Vera Rubin, mtoto wa jamaa ya Kiyahudi. Walipohamia Washington, binti huyo alizoea kukesha dirishani akitazama nyota. Baba yake hakumkemea, bali alimsaidia kutengeneza darubini ya karatasi ngumu. Mwaka 1948 alitaka kuendelea na elimu ya nyota katika Chuo Kikuu cha Princeton, lakini wanawake hawakupokewa katika masomo hayo, na katazo hilo lilidumu hata 1975. Akasoma Cornell, kisha Georgetown, chuo cha Mapadre Wajesuiti, akapata udaktari mwaka 1954, naye amekwisha kuwa mama wa watoto wawili.

Aliwezaje? Masomo yalikuwa ya jioni. Wazazi wake walikuja kulea wajukuu. Mumewe, Robert, alimpeleka kwa motokaa, akamngoja nje, akila chakula chake cha usiku humo garini mpaka masomo yaishe.

Sasa tuangalie kazi yake. Utaridi, iliyo karibu na jua, hukimbia kilomita 47 hivi kwa sekunde. Zohali, iliyo mbali, haifikii 10. Wataalamu wengi walitazamia kwamba katika galaksi, yaani yale makundi makuu ya nyota mabilioni, mambo ni vivyo hivyo: vya ukingoni huenda polepole. Rubin na mwenzake Kent Ford waliipima galaksi ya Andromeda, ambayo mwanga wake husafiri miaka milioni 2.5 hivi kabla ya kutufikia. Mwaka 1970 walitangaza kwamba vya ukingoni vyakimbia karibu sawa na vya ndani. Wakapima galaksi nyingine nyingi, jibu likawa lile lile. Kwa mwendo huo vingalitawanyika, isipokuwa pana uzito usioonekana uvishikao. Leo wataalamu walio wengi hukubali kwamba uzito huo wazidi vitu vya kawaida mara tano hivi, na kwamba ndio uliokusanya hewa ya mwanzo hata galaksi zikafanyika. Ni kitu gani hasa, hakuna ajuaye bado.

Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II alimweka katika Akademia ya Kipapa ya Sayansi. Alifariki siku ya Noeli, mwaka 2016, mwenye umri wa miaka 88.

Labda baba mmoja atasema, "Elimu nyingi humtoa mwanamke nyumbani mwake." Na ajue kwamba mama huyu alizaa watoto wanne, na wote wanne walipata udaktari. Lakini hakuyaweza peke yake. Nyuma yake walikuwapo baba wa ile darubini, babu na bibi waleao, na mume angojaye garini. Hao hawakuonekana, wala majina yao hayasomwi shuleni. Walakini wao ndio waliomshika asianguke.

Enyi wazazi, ndiyo kazi yenu. Mungu agawapo vipaji hatazami kwanza kama mtoto ni wa kiume au wa kike. Katika mfano wa talanta, aliyelaumiwa hakuiba wala hakupoteza: alifukia tu. Nasi mapadre tusijivue lawama, maana mara ngapi tumemwona binti mwenye akili akitolewa shuleni, tukanyamaza?

Hatusemi kila binti atakuwa mtaalamu wa nyota. Twasema hivi: kabla ya kulifuta jina lake, mwiteni, mkae naye, mmwulize moyo wake wapenda nini. Kisha hesabuni tena fedha ile, mkijua kwamba iko siku mtaulizwa habari za talanta hiyo na Yeye aliyewakabidhi.