Kitambaa Kilekile

Gari la baba lilikuwa linavuja, na mimi nilitaka kuliuza.

Lilikuwa Corolla 110 ya mwaka 1998, rangi ya fedha, imepauka kwenye boneti. Baba alipofariki liliangukia kwangu, kwa sababu nyumbani ni mimi peke yangu niliyekuwa na leseni. Mwaka uliofuata mdogo wangu akapata chuo, mkopo ukatoka nusu, na mama akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulilia jambo faraghani: "Liuzwe."

Kila asubuhi, pale tunapoishi Tabata, nilikuta doa jekundu chini ya gurudumu la mbele la kushoto, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili. Oili ya pawa staringi. Baba alilijua doa lile kwa miaka. Dawa yake ilikuwa chupa ya ATF aliyoiweka kwenye buti, imeviringishwa gazeti, na kila baada ya wiki mbili tatu alifungua boneti akaongeza kidogo, kama mtu anayemwongezea mgeni chai. Hakumficha mtu wala hakumtangazia mtu. Gari lilikuwa lake na oili ilikuwa yake, basi.

Fundi wetu wa siku zote alilala chini ya gari dakika moja, akatoka, akafuta mikono. "Bosi, unataka kutengeneza au unataka kuuza?"

Kwake hayo yalikuwa mambo mawili, yenye bei mbili. Kuuza ni kuosha chini kwa brashi na petroli, kujaza oili mpaka mstari wa juu, kumimina kichupa cha dawa ya kuziba, na kuomba mnunuzi aje upesi. Dawa ile huvimbisha mipira iliyokakamaa, ikabana tena kwa mwezi, pengine miwili. Halafu mpira hurudi kwenye uzee wake, mara nyingi ukiwa laini na mbovu kuliko ulivyokuwa. Simsemi vibaya fundi. Amewaona wauzaji wengi waliosema kila kitu wakarudi nyumbani na magari yao.

Nikamwambia tutengeneze kwanza, tuone.

Kutafuta uvujaji mdogo ni kazi ya subira. Oili hushuka, na gari likiwa mwendoni upepo huisukuma kuelekea nyuma, kwa hiyo inapodondokea siyo inapotokea. Ukiangalia injini iliyolowa oili ya miaka kumi kila kitu kina hatia: pampu, mipira, chombo cha oili, raki. Njia ni kuosha kila kitu, kukausha kwa kitambaa, kutandika boksi lililokunjuliwa chini, kuwasha injini na kumwomba mtu akate usukani kushoto na kulia taratibu. Akifika mwisho asiushikilie zaidi ya sekunde chache, kwa sababu hapo ndipo pampu inapobana oili kwa nguvu zake zote, na hapo ndipo palipo dhaifu hujitoa. Wewe na tochi yako unatafuta sehemu ya juu kabisa iliyoanza kung'aa. Hiyo ndiyo chanzo. Zote zilizo chini yake zimechafuliwa tu.

Nilikuwa nimeshika kitambaa mkononi wakati wazo lile liliponijia, na bado sijaachana nalo. Anayetaka kuujua uvujaji huanza kwa kuosha. Anayetaka kuuficha naye huanza kwa kuosha. Petroli ileile, kitambaa kilekile, na mtu akipita barabarani hawezi kusema nani kati yetu ni nani. Tofauti iko kwenye kinachofuata: mmoja anabaki chini ya gari akingoja tone litoke, mwingine anapiga simu kwa dalali.

Tone lilitoka baada ya dakika nne hivi, kwenye mpira wa kurudishia oili, pale unapoingia kwenye chombo. Ncha ilikuwa imekuwa ngumu kama kwato, klipu imelegea. Huo ni upande usio na presha kubwa. Fundi alikata ncha sentimita moja, akauingiza upya, akaweka klipu mpya ya shilingi elfu mbili. Tukainua mbele kwa jeki, injini imezimwa, tukazungusha usukani mwisho hadi mwisho mara kadhaa mpaka mapovu yakaisha. Asubuhi yake boksi lilikuwa kavu. Nilifurahi kupita kiasi. Nilimtumia mdogo wangu picha ya boksi tupu.

Lakini wakati tukiwa chini, fundi alikuwa ameminya ule mpira wenye mikunjo unaofunika ncha ya raki upande wa kushoto. Ukatoa sauti ya maji. Akalegeza klipu, na oili nyekundu, kama robo ya kikombe, ikamwagika kiganjani mwake. Sili ya ndani ya raki imekwisha. Hiyo si kazi ya elfu mbili: raki ya mtumba na ufundi, karibu laki tatu, na ada ya chuo ilikuwa inadaiwa Ijumaa.

Alirudisha mpira mahali pake, akakaza klipu vizuri. "Hii haidondoki chini. Inajikusanya humuhumu. Hakuna wa kuiona."

Mnunuzi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Kibaha, mama wa makamo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akalizunguka gari polepole. Hakuja na fundi. Aliniuliza kama lina tatizo, nami nikamwambia kwa urefu kuhusu ule mpira wa kurudishia: ulivyokuwa unavuja, tulivyouona, tulivyoukata. Nikamwonyesha klipu mpya. Nikamwonyesha hata ncha iliyokatwa, nilikuwa nimeihifadhi. Uso wake ukalegea. "Vijana wa siku hizi hamsemi," alisema. "Wewe umelelewa." Hakuomba kupunguziwa zaidi ya laki moja.

Kila nilichomwambia kilikuwa kweli. Nimeifikiria sana sentensi hiyo, na kadiri ninavyoifikiria ndivyo inavyonuka. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero aliandika kuhusu mabishano ya wanafalsafa wawili wa Kistoa juu ya muuzaji wa nyumba anayejua kasoro ambazo mnunuzi hazijui. Diogenes wa Babeli alitetea kwamba kunyamaza si sawa na kuficha. Hakuna anayelazimika kusema kila anachokijua. Antipater aliona kwamba kumwacha mtu akosee huku unamtazama ni kumpoteza njia. Cicero mwenyewe aliegemea kwa Antipater. Nilipoyasoma chuoni nilikuwa upande wa Diogenes, kwa urahisi wa mtu asiye na kitu cha kuuza.

Kwetu pwani mfano unaojulikana zaidi ni wa rundo la nafaka. Hadithi inasimulia kwamba Mtume Muhammad alipita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi asingeuweka ule unyevu juu, watu wauone. Ninachokipenda katika kisa hiki ni kwamba muuzaji hakuwa ameilowesha nafaka. Mvua ilinyesha, kama mipira inavyozeeka. Alichofanya ni kupanga tu kipi kiwe juu.

Na mimi nilipanga. Diogenes hata hawezi kunitetea, kwa sababu sikunyamaza. Niliuweka ukweli wa elfu mbili juu ya ukweli wa laki tatu, na ule mdogo ukafanya kazi ambayo uongo usingeiweza.

Ada ililipwa Alhamisi. Jumapili nilimpigia simu mwalimu. Nilimweleza raki, nikamwambia usukani hautakatika lakini oili ikishuka utaanza kuwa mzito na pampu italia, na asiruhusu mtu amwekee oili ya breki humo. Nikamwambia ninaweza kumrudishia laki moja na nusu, kwa mafungu mawili. Alikaa kimya muda mrefu. Nilisikia kuku na redio.

"Ulijua siku ile?"

"Nilijua, mwalimu."

Akanyamaza tena. Kisha akauliza, kwa sauti ya mwalimu anayesahihisha daftari, bila hasira: "Ile chupa nyekundu uliyoiacha kwenye buti, imefungwa gazeti. Nilidhani umeisahau. Au ndiyo ulikuwa unaniambia?"

Sikuwa nimeisahau. Niliitoa nilipokuwa nasafisha gari, nikasimama nayo kidogo, nikairudisha.

"Sijui, mwalimu," nilimjibu.

"Haya," akasema. "Tuma hiyo ya kwanza mwisho wa mwezi."