Pikipiki Ndogo, Safari Ndefu

Anayetoka Dodoma kwenda Mwanza kwa pikipiki ya cc 125 hana haja ya kubeba karakana. Spana ya plagi, waya wa klachi wa akiba, viraka, gundi na pampu vinamtosha. Mengine yapo njiani: pikipiki za ukubwa huo ndizo za bodaboda, na Manyoni, Singida au Shinyanga hakosekani fundi anayezijua kwa kugusa tu. Pikipiki kubwa ya kifahari ikigoma huko, itangoja kipuri cha kuagizwa.

Ugonjwa wa kawaida ni uchafu kwenye kabureta. Injini inakohoa, kisha inazima ukiongeza mafuta. Kabla hujaita mtu, fungua bakuli la kabureta, mwaga petroli iliyotuama, pulizia jeti. Usiichokonoe kwa waya mgumu, hata kama mshauri wa kijiweni anaapa kuwa ndiyo dawa. Tundu likipanuka, pikipiki itakunywa mafuta kupita kiasi. Ila funga koki ya mafuta kwanza na uache injini ipoe: petroli ikidondokea bomba la moshi lenye moto, huweza kuwaka.