Ahadi Zilizohesabiwa Kama Fedha: Funzo la Msitu wa Yasuní

Mwaka 2007 Rais Rafael Correa wa Ecuador aliupelekea Umoja wa Mataifa pendekezo lililowashangaza wengi. Chini ya Hifadhi ya Taifa ya Yasuní, mashariki mwa nchi yake, kulikuwa na mapipa ya mafuta yapatayo milioni 846. Ecuador ingeyaacha ardhini, mradi dunia iichangie dola bilioni 3.6 kwa miaka 13, yaani nusu ya mapato ambayo ingeyakosa. Serikali, makampuni na watu binafsi, wote walikaribishwa kuchanga.

Na msitu wenyewe unastahili kulindwa. Katika hekta moja tu ya Yasuní watafiti wamehesabu aina zaidi ya 600 za miti. Ndani yake wanaishi Watagaeri na Wataromenane, jamii zilizoamua kujitenga na watu wa nje. Mimi na wewe tungekuwepo siku pendekezo lilipotolewa, tungepiga makofi. Hapo ndipo hatari ilipo, maana jambo jema hutufanya tuone haya kuuliza maswali magumu.

Mwezi Agosti 2010 ulifunguliwa mfuko wa amana chini ya usimamizi wa UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Miaka mitatu baadaye, Agosti 15, 2013, Correa alitangaza kwamba mpango umekufa. Zilizokuwa zimeingia ni dola milioni 13 na ushei. Akasema dunia imewaangusha, na wengi tukaishia hapo, tukiwalaumu matajiri. Lawama hiyo ina ukweli wake. Lakini dalili za kuanguka zilionekana mapema, na kuzinyamazia ndiko kulikoumiza.

Tazama ahadi kwanza. Serikali ilijiwekea lengo la kupata dola milioni 100 kufikia mwisho wa 2011, kisha ikatangaza kwamba limepitwa: milioni 116! Waliofungua hesabu waliona mambo mengine. Sehemu kubwa ilikuwa deni ambalo Italia ilikubali kulisamehe na msaada wa kiufundi kutoka Ujerumani. Fedha taslimu ndani ya mfuko zilikuwa chache mno. Sote tunaijua kamati ya harusi inayoagiza ng'ombe na ukumbi kwa kuhesabu kadi za ahadi. Siku ya siku, mwenye ukumbi anadai pesa yake, hataki kuona kadi. Ahadi ni deni, ndiyo, lakini ahadi hizi hazikuwa na tarehe ya kulipwa wala wa kuzidai.

Dalili nyingine ilikuwa ndani ya pendekezo lenyewe. Correa hakuficha kwamba fedha zisipotosha, mafuta yatachimbwa. Na katika Kitalu cha 31, kilicho jirani na eneo la mafuta hayo ndani ya hifadhi ileile, shughuli za mafuta ziliendelea. Mchangiaji aliyeyaona yote mawili alijiuliza, kwa haki kabisa, analipia nini hasa. Tena Desemba 2008 nchi hiyohiyo ilikuwa imekataa kulipa baadhi ya hatifungani zake za nje. Anayeomba aaminiwe kwa vizazi hawezi kulipuuza swali la kama aliaminika jana.

Januari 2010 Rais alishambulia hadharani masharti ya mfuko, akiyaona yanadhalilisha uhuru wa nchi. Waziri wake wa mambo ya nje, Fander Falconí, akajiuzulu. Mwaka huohuo waziri wa maendeleo wa Ujerumani, Dirk Niebel, aligoma kuweka fedha katika mfuko, ingawa bunge la nchi yake lilikuwa limeonyesha kuunga mkono. Makampuni nayo, kwa michango yao, yalipewa hati za dhamana ambazo hazikukubalika katika soko la kaboni la Ulaya. Mfanyabiashara hutoa sadaka mara moja moja. Ukitaka atoe kila mwaka, mwonyeshe anachopata.

Uchimbaji ulianza 2016. Agosti 20, 2023, wananchi wa Ecuador walipiga kura ya maoni, na karibu asilimia 59 wakasema mafuta yaliyobaki yaachwe ardhini. Hakuna mfadhili aliyewalipa kwa kura hiyo. Kisima cha kwanza kilifungwa mwaka mmoja baadaye, na serikali ilisema kazi ya kuvifunga vyote itachukua hadi 2029.

Nayasema haya kwa sababu leo vijiji vyetu, Tanzania na Kenya, vinaletewa mikataba ya kaboni na mifuko ya uhifadhi yenye takwimu za kuvutia. Fedha za namna hii zinahitajika, wala sisemi tuzikatae. Ila ndugu msomaji, kama umo katika kamati ya kijiji au serikali ya kaunti, omba kuona taarifa ya benki kabla ya sherehe ya uzinduzi. Uliza fedha zilizoingia ni kiasi gani na zilizoahidiwa ni kiasi gani, nani atadaiwa zisipofika, na msitu utalindwa vipi mfadhili akiondoka. Asiyetaka kuyajibu maswali hayo mbele ya mkutano wa kijiji, asipewe sahihi.