Sindano ya Nyongeza na Mkono wa Mwuguzi

Twataka kulinena neno ambalo wengi hudhani ni la waganga peke yao. Katika vijana wetu wanaosomea uuguzi na utabibu wamo wasiotaka dozi ya nyongeza ya chanjo. Je, yafaa mtu awachome wengine sindano aliyoikataa mwenyewe?

Tusiwahukumu upesi. Vijana hawa waliona mengi kwa muda mfupi. Mwanzo wa mwaka 2021 serikali ilisema haina mpango wa kuleta chanjo ya UVIKO-19. Tarehe 28 Julai mwaka ule ule Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya watu. Chanjo ya Johnson & Johnson ililetwa kuwa ya sindano moja, na ilipofika Desemba Shirika la Afya Duniani likanena ya kwamba ya pili yaongeza kinga. Mwenye akili huuliza: je, hapo kwanza tuliambiwa kweli? Kuuliza hivyo si uasi. Kinga ya mwili hupungua, na kirusi hugeuka, wala hapana awezaye kuujua muda wa kinga ila kwa kungoja na kupima. Walakini mwalimu hana budi kuyaeleza hayo kwa saburi, maana aliyekemewa hunyamaza tu, asiamini.

Kungoja huko kulifanyika Korogwe. Watoto wa Korogwe na wa Kilifi walijaribiwa chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, na matokeo yakatangazwa mwaka 2008. Kisha, tangu 2009 hata 2014, likafanyika jaribio kubwa la watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi 7, na Korogwe kikiwa kimojawapo. Watoto waliokuwa na umri wa miezi 5 hata 17, wakapata dozi tatu, katika muda wa miaka kama minne malaria ilipungua kwao kwa sehemu 28 katika mia. Waliopata na ya nne, baada ya mwaka mmoja na nusu, ilipungua kwa sehemu 36. Wako watakaosema tofauti hii ni ndogo. Mzazi aliyekesha na mtoto mwenye degedege hatasema hivyo.

Basi tumfikiri mama wa kijiji cha Handeni. Chanjo ya pepopunda kwa wanawake huhesabiwa dozi tano, nazo hupita miaka katikati. Amekwisha kupata mbili. Shamba lamngoja, na njia ni ndefu. Hana kitabu cha kusoma habari za kinga, ana uso wa mwuguzi tu. Mwuguzi akimnong'oneza, “Mimi mwenyewe haya ya nyongeza siyaamini,” mama hatarudi, naye mtoto atakayezaliwa ndiye atakayelipa. Kijana alikuwa na shaka juu ya chanjo moja, mama akaisikia juu ya zote. Hapo ndipo twaona kosa lilipo. Mwenye shaka aipeleke kwa mwalimu wake, asimtwike mgonjwa.

Luther alipoandika mwaka 1527, tauni ikiwa Wittenberg, aliwaonya wale waliodharau dawa wakidai kumtegemea Mungu. Lakini naye alikiri kwamba watu hawana nguvu sawa za imani, wala hakuwalaumu wote waliokimbia.

Je, walazimishwe? Chuo kikitaka mwanafunzi amalize dozi tatu za homa ya ini ya B kabla ya kuingia wodini, twaona ni haki, kwa kuwa atashika damu kila siku, na kujichoma kwa sindano ni jambo la nukta moja. Lakini nyongeza ya UVIKO-19 humfaa zaidi mwenye kuchanjwa. Humzuia asiwaambukize wengine kwa kiasi tu, tena kwa muda mfupi, na kijana mwenye afya hupata faida ndogo kuliko mzee. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba aliyeikataa hampendi jirani yake. Katika hiyo twapenda ashawishiwe, asitishwe kufukuzwa chuoni.