Mlima Uliokatwa na Wengine

Huko Marekani, toka Cumberland hata Pittsburgh, iko njia ya kilomita 240 hivi. Zamani gari la moshi lilipita humo. Leo sehemu kubwa ya reli imeng'olewa, watu wanapita kwa baisikeli. Atokaye Cumberland asubuhi hupanda kilomita 38 mpaka kilele, lakini kwa upole, kwani gari la moshi haliwezi mpando mkali. Karibu na kilele hupita ndani ya mlima, katika tundu la Big Savage, mita 1,000 hivi, lililochimbwa kabla ya reli kufunguliwa mwaka 1912.

Jioni anajisifu: «Nimepanda kwa miguu yangu.» Jasho ni lake, hatumnyimi. Lakini mlima ulikatwa na nani? Mtu atajibu: wale walitafuta mshahara, hawakumfikiri mpanda baisikeli hata kidogo. Ni kweli. Hata hivyo twaona deni lipo; anywaye kisimani haulizi kwanza nia ya mchimbaji. Na wachimbaji wamekwisha kufa, hawalipiki. Basi wale wanaojitolea leo kuondoa miti iliyoanguka njiani humo, bila malipo, twasema wanalipa, hawagawi sadaka.