Kitanda Hakina Shida?

Mkebe wa soda haukupita. Huo ndio mtihani wa kwanza niliojifunza nilipoambiwa nitakuwa baba: chukua mkebe wa soda, jaribu kuupenyeza katikati ya fito za kitanda cha mtoto. Ukipita, mwili wa mtoto nao unaweza kupita, kichwa kikabaki. Fito hazifai kuachana zaidi ya sentimita 6. Za kitanda nilichonunua zilikuwa zimekaribiana vizuri, na jioni hiyo nilikaa sakafuni kwenye bedsita yetu nikijiona mzazi aliyehitimu. Kuhitimu si jambo nililolizoea. Chuo nilikiacha mwaka wa tatu, karo iliponishinda.

Kitanda kilitoka kwa mama mmoja wa mtaa wa pili aliyekuwa anahama. Shilingi 6,000 pamoja na godoro. Cheupe, kizito, mbao ngumu, na upande mmoja unashuka ukiubonyeza, ili usiumie mgongo ukimlaza mtoto. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hiki kilijiuza. Nilimuuliza yule mama kama kina shida yoyote. "Wangu wawili wamelala humo," akanijibu, akinionyesha kwa kidevu watoto waliokuwa wakikimbizana kati ya maboksi. Nikaona hilo ni jibu.

Halikuwa jibu. Siku nne baadaye, nikikaza skrubu, niliona kona ya chini ya ule upande unaoshuka imefungwa kwa waya mwembamba. Waya umepakwa rangi nyeupe, ufanane na mbao. Kidude cha plastiki kilichopaswa kushikilia kona hiyo hakikuwepo. Nilipousukuma upande kwa goti, ulibenuka ukaacha mwanya ambao mkono wangu wote uliingia.

Nikaenda kusoma. Nikakuta kwamba vitanda vya aina hii, vya upande unaoshuka, vimepigwa marufuku Marekani tangu tarehe 28 Juni 2011. Tume yao ya usalama wa bidhaa ilivihusisha na vifo vya watoto wasiopungua 32 tangu mwaka 2000. Shida ni hiyo niliyoiona kwa goti: vidude hulegea au huvunjika, kona moja huachia, mtoto hubingiria kwenye mwanya kati ya ubao na godoro, akabanwa. Hana nguvu ya kujitoa, na mara nyingine hana hata pumzi ya kulia. Sheria hiyo haikuishia kwa viwanda tu. Iliwakataza hata wanaouza vitu vilivyotumika, na wazazi wakashauriwa wasiviuze wala kuvigawa. Wavivunjevunje kwanza, ndipo watupe.

Ni rahisi kusema hivyo mahali ambapo mtu atatupa kitanda kisha anunue kingine. Mimi hulipwa kwa makala, na makala yakichelewa kulipwa, tunakula madeni. Mwenzangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Kitanda kile kilikuwa shilingi 6,000 zilizoegemea ukuta. Kwa hivyo nilifanya jambo ambalo ndilo limenifanya niandike haya: nilikipiga picha. Nilikipiga kutoka upande ule mzuri, mwanga wa dirisha ukikipiga, nikaituma kwenye grupu ya WhatsApp ya mtaa. "Kitanda cha mtoto, mbao ngumu, na godoro lake. 5,500. Maongezi yapo."

Angalia vizuri, hakuna uongo hapo. Mbao ni ngumu kweli. Godoro lipo. Nilijiambia hivyo usiku kucha, na usingizi haukuja.

Kuna somo moja la chuo ambalo halijanitoka. Mwaka wa 44 kabla ya Kristo, Cicero aliandika kitabu kuhusu wajibu, akamwelekezea mwanawe aliyekuwa akisoma Athens. Humo anatoa mfano wa mtu anayeuza nyumba yenye kasoro anazozijua yeye peke yake. Watu wanadhani nyumba ni salama kwa afya, kumbe sivyo. Nyoka wanaonekana katika vyumba vya kulala. Mbao zake ni mbovu, inakaribia kuanguka. Je, akiiuza bila kusema, amemdhulumu mnunuzi? Cicero anawaleta wanafalsafa wawili wabishane. Antipater anasema ndiyo, na kwamba mtu huyo ni mbaya kuliko yule anayemwona msafiri amepotea na asimwelekeze. Diogenes wa Babeli anasema hapana. Kwani amekulazimisha ununue? Ni wapi umesikia mtu anatangaza ubovu wa mali yake mwenyewe?

Cicero anasimama na Antipater, na sababu yake ndiyo iliyoninyima usingizi. Anatenganisha kunyamaza na kuficha. Si kila unapokaa kimya umeficha. Unaficha pale unapotaka, kwa faida yako, watu wasijue jambo ambalo lingewafaa kulijua. Ule waya uliopakwa rangi ulikuwa kuficha. Na picha yangu iliyopigwa upande mzuri ilikuwa nini? Kifungu cha 46 cha Katiba yetu kinampa mnunuzi haki ya kupata habari kuhusu bidhaa na haki ya kulindwa afya na usalama wake, na kinasema kinahusu pia bidhaa zinazotolewa na watu binafsi. Sisi huwa tunaisoma Katiba tukiwaza serikali na makampuni. Usiku ule niliisoma nikaona jina langu. Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu: nilikuwa nimemlaani yule mama siku nzima kwa kunifanyia kile ambacho sasa nilikuwa namfanyia mtu nisiyemjua.

Asubuhi yule mtu nisiyemjua akabisha hodi, na kumbe namjua. Alikuwa soja wa geti letu, mzee wa miaka arobaini na kitu, ambaye mkewe alikuwa karibu kujifungua mtoto wa nne. Alikizunguka kitanda, akakipapasa kama mtu anayepapasa ng'ombe sokoni.

"Kijana, hakina shida?"

Ningependa kuandika kwamba nilisema ukweli papo hapo. Nilisema, "Ni mbao ngumu, mzee." Yeye akatoa simu, akauliza kama M-Pesa ni namba ileile niliyoandika kwenye grupu. Ndipo nikapiga goti nikamwonyesha waya. Nikausukuma upande, ukabenuka. Nikamweleza yote: kona, mwanya, Marekani, watoto 32.

Nilidhani hadithi itaishia hapo, mimi nikiwa nimeshinda mtihani wa Cicero. Mzee alitazama ule mwanya, akafikiria, kisha akasema:

"Sawa. Basi nipunguzie. Nipe 3,000, nitatafuta waya mnene."

Hapo falsafa yangu yote iliisha pumzi. Kwa sababu sasa nilikuwa nimesema. Hakuna kilichofichwa. Mnunuzi ni mtu mzima, ana akili zake, ameona kasoro, ametaja bei inayolingana nayo. Diogenes angeniambia chukua pesa, na nahisi hata Antipater angekuwa ametosheka. Na mimi 3,000 nilikuwa nazihitaji. Lakini sikuweza, na ilinichukua siku kadhaa kuelewa kwa nini.

Katika mfano wa Cicero kuna watu wawili, muuzaji na mnunuzi. Mnunuzi akiambiwa kuhusu nyoka na bado akanunua, yeye ndiye atakayelala na nyoka. Amechagua. Kitanda cha mtoto kina mtu wa tatu, na huyo hakuwepo kwenye maongezi. Hawezi kuuliza kama hakina shida. Punguzo la 2,500 lingebaki kwenye simu ya baba yake, na mwanya ungekuwa wake. Ndiyo maana naamini kwamba kusema ukweli, ingawa ni lazima, hakumalizi deni hapa. Ukweli unaweza kumfunga anayeusikia. Hauwezi kumfunga ambaye bado hajazaliwa.

Najua utakachosema, maana mzee alikisema kabla yako. "Wewe unaniambia nisichukue. Sasa wangu alale wapi? Sisi tuko wanne kwa kitanda kimoja, na godoro limezama katikati." Na ni kweli, kulala kati ya watu wazima kwenye godoro lililozama nako ni hatari kwa mtoto mchanga, pengine kuliko waya wangu. Wazazi maskini huwachagulia watoto wao hatari kila siku: boda boda yenye abiria watatu, jiko la makaa chumbani msimu wa baridi. Mimi ni nani nijifanye mlinzi wa mtoto wa mtu? Nikamwambia namjua fundi, ningempa namba yake. Akacheka. "Fundi hataki namba, kijana. Fundi anataka pesa."

Alikuwa sahihi. Kumkatalia mtu kitu kibovu halafu umwache alipokuwa ni njia ya kunawa mikono. Mimi ningebaki safi, na mtoto wake angebaki palepale. Ila bado naona tofauti kati ya hatari ambayo mzazi anaingia kwa kukosa njia na hatari ambayo mimi namuuzia ili nirudishe pesa yangu. Ya kwanza ni shida yetu sote. Ya pili ingekuwa kazi ya mikono yangu.

Tulichofanya hakikuwa kikubwa. Tulikibeba kitanda mimi na mzee hadi kwa fundi wa mbao kando ya barabara, tukakifungua vipande vipande. Fundi akazikubali mbao kwa 1,500 ili atengeneze stuli, na pesa hiyo tukaiweka kama malipo ya kwanza ya kitanda cha mzee. Iliyobaki analipa kidogo kidogo mwisho wa mwezi. Changu nakilipa vivyo hivyo. Ni vitanda vya kawaida, pande nne zisizoshuka, mbao za bei ya chini zilizopigwa msasa, bila rangi. Nilimwachia fundi mkebe wangu wa soda kama kipimo. Godoro lilitengenezwa likiwa gumu, na kati yake na ubao vidole viwili haviingii wima kwa urahisi. Mama mkwe alileta mto na blanketi nono, nikamwomba kwa heshima avihifadhi mpaka mtoto akue. Tutamlaza chali, ndani kusiwe na kitu kingine, na neti itaning'inia juu kutoka darini. Alininunia siku mbili.

Nimepoteza 6,000. Siwezi kusema sijuti, maana kodi haikujali.

Bado nina namba ya yule mama aliyeniuzia. Mara mbili nimeandika ujumbe mrefu wa kumlaumu, na mara mbili nimeufuta, kwa sababu kila nikifika kwenye neno "ulijua" naikumbuka ile picha niliyoipiga kutoka upande mzuri. Pengine naye alilipia kile kitanda kwa mtu aliyenyamaza. Pengine alifunga waya usiku mtoto wake akilia, akapaka rangi, akaamka kila saa kuangalia kama anapumua. Nikimwandikia tena, nitamwambia tu kwamba tulikivunja.